Suzuki ya Babako Imewaka

Kengeja

Mwanangu Ahmada,

Salamu zangu zikufikie huko Unguja. Sisi wazima, na mihogo imekubali.

Ulisema Suzuki ya marehemu babako isipowaka tuiuze chuma chakavu. Imewaka, mwanangu. Fundi Nassor alikuwa uani, mie ndani, tukisemezana dirishani.

"Bi Mize, na gari nayo imekaa eda," akanitania.

Nikamwambia asafishe kabureta, kisha avute choki taratibu kama alivyofanya babako. Ikanguruma mpaka kuku wakaruka ua.

Akaijaribu barabarani. Aliporudi akapiga honi mlangoni, nami nikainuka kumtekea babako maji ya kuoga. Ndoo ilipojaa ndipo nikakumbuka.

Mnunuzi wako mwambie asije. Nikitoka eda, Nassor atanifundisha kuendesha.

Mamako akuombeaye,
Mize