Kioo Alichogeuza Walubengo

Nafisa! Nafisa, shika simu!

Walubengo, mtoto wa ndugu yangu, amenikujia hapa Kiminini kwa miguu, jasho tupu. Gari imemzimikia. Ati jana aliosha injini kwa maji ing'ae, maana leo anapeleka mama mkwe mgonjwa hospitali Lugulu. Maji yakaingia koili ya umeme! Tangu Kitale injini inamisi, inakohoa kuliko mgonjwa mwenyewe.

Na unajua kwetu mtu haangalii mama mkwe usoni. Akageuza kile kioo cha ndani, mama naye akajifunika leso huko nyuma. Walubengo alikuwa anamsikia tu akikoroma.

Gari ilipozima, akasikia kimya. Kimya, Nafisa! Hata hapo hakugeuka. Akaja kwangu: "Shangazi, kuja umwangalie wewe."

Njiani nilimtania, "Bana, si ungeosha magurudumu tu?" Akaongeza mwendo.

Tumefika. Yeye amesimama kando ya barabara, ametupa mgongo. Nimefungua mlango, nimefunua leso, nikamfunika tena.

Anauliza, bado hajageuka, "Shangazi, amelala?"

Nafisa, mwambie mumeo Bashir alete pikapu. Asikimbize.