Maua ya Kung'arishia Viatu

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi sijambo, ila kazi za karakana zimenielemea hadi mgongo unalalamika.

Mama, dada alipita hapo nyumbani Jumapili. Anasema ile haibiskasi ya mlangoni imenyonyolewa maua yote kama kuku wa kuchinjwa, na kibarazani kuna viatu vyeusi vya kiume vinavyong'aa hadi mtu anajiona. Vya nani? Nauliza tu.

Mwanao

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo, ni magoti tu yanayogombana na ngazi. Wajukuu zangu wameshapona mafua?

Dada yako ana macho ya polisi. Viatu ni vya marehemu baba yako. Naviweka nje ili wezi wajue kuna mwanamume ndani. Maua nayachuma mimi. Ukiyasugua kwenye ngozi yanaacha weusi wenye mng'ao, rangi ya dukani haioni ndani. Umeridhika? Haya, kula vizuri.

Mama yako

29 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumai hujambo, sisi hatujambo, watoto wamepona.

Barua yako nimeisoma na kuirudia, bado haijaniingia akilini. Baba alivaa namba kumi na moja. Tulikuwa tukimtania kwamba amevaa mitumbwi. Dada amerudi huko, amegeuza kiatu akasoma soli: namba nane. Marehemu hupungua miguu?

Usinifanye mtoto, Mama. Kama kuna mwanamume analala kwenye kitanda cha baba, sema. Nikithibitisha, nyumba hiyo sitaikanyaga tena, na wajukuu utawasikia kwa watu.

Mwanao

12 Mei

Mama,

Shikamoo. U mzima kweli? Mbona kimya? Au kimya chenyewe ndicho jibu?

Dada anasema kichaka hakina ua hata moja. Huyo bwana anakwenda wapi kila siku hata atake viatu ving'ae hivyo? Nimeshindwa kulala. Nijibu.

Mwanao

2 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima. Nilinyamaza kwa hasira, na hasira zangu unazijua.

Ndiyo, nilikudanganya, niliogopa. Viatu ni vya yule fundi saa wa mtaa wa nyuma, mgane. Anakwenda dukani kwake tu, lakini huvaa utadhani anakwenda kuposa. Mimi ndiye ninayemng'arishia viatu, na hajaniomba. Yeye huosha vyombo huku akiimba vibaya mno, majirani wanafunga madirisha.

Kuhusu kitanda cha baba yako, nilikigawa zamani. Muulize huyo dada yako mpelelezi analalia nini.

Umeniandikia kuhusu viatu, soli na kitanda. Hukuuliza hata mara moja kama bado nakula nimesimama jikoni, kwa sababu kukaa mezani peke yangu kulinishinda. Nilikula hivyo tangu tumzike baba yako. Sasa nakaa.

Tunafunga ndoa Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Wajukuu zangu nawapenda, na ukiwazuia nitalia, sikufichi. Lakini simfukuzi mtu.

Ukiamua kuja, piga hodi. Yeye ndiye atakayekufungulia.

Mama yako