Kona ya Jumatano

Jumanne, 10 Juni
Baridi asubuhi. Upepo wa kusini, anga safi.
Uwanjani mapema. Kazi ileile: kuhesabu mitumbwi tukiwa angani, kuanzia Bangwe kwenda kusini. Mimi dirisha la kulia, Hamisi wa Ujiji la kushoto. Kapteni Sanga anarusha ndege. Siku hizi za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, taa zao hazivuti kitu. Mitumbwi yote iko ufukweni. Mwezi ukipungua watatawanyika. Ndiyo maana tuna haraka.

Jumatano, 11 Juni
Mawingu mepesi.
Leo nusura tufe. Ghuba moja ilinipita. Dagaa walioanikwa mchangani waling'aa, nikashindwa kuhesabu. Nikaomba turudi. Kapteni akapunguza mwendo ili nione vizuri, akakata kona kali. Tulikuwa chini mno, naona hadi maua ya kanga za waanikaji. King'ora cha hatari cha ndege kikalia. Ndege ikatetemeka, bawa la upande wangu likainama ghafla. Dirishani maji matupu. Kapteni akasukuma usukani mbele, pua ikaelekea ziwani. Nikajua amechanganyikiwa.
Kisha tukanyanyuka.
Nimetapika. Hamisi: "Dada Neema, kama unataka kuoga ziwani si useme, Ujiji kwetu pako karibu." Hakuna aliyecheka, hata yeye.
Sirudi mle ndani.

Alhamisi, 12 Juni
Shwari.
Nimeenda kuaga. Kapteni akatukalisha mimi na Hamisi kivulini mwa bawa. Ndege haikuharibika, anasema. Mwendo mdogo na kona kali, basi mabawa yanaacha kubeba. Dawa ni kuinamisha pua upate mwendo. Ukiwa juu, unapona. Ukiwa chini, maji yanakuwahi. "Jana yalibaki kidogo yatuwahi. Kosa langu mimi, si lako."
Kuanzia leo hakuna kukata kona tukiwa chini. Ghuba ikitupita, tunatoka nje ziwani, tunapanda, tunazunguka kwa upana, tunaingia upya.
Nikapanda.
Ghuba ikanipita tena. Nikasema imenipita. Kapteni hakukata kona. Akapanda, polepole, mbali na ufuko. Tulichukua muda mrefu. Hamisi akaanza kulalamika njaa. King'ora kimya. Tuliporudi nilihesabu mitumbwi yote.
Tumemaliza. Nimeshuka, nimekaa kwenye nyasi, nimelia kidogo. Raha tu.
Jioni migebuka, samaki wa hapa ziwani, na ugali kwa mama yake Hamisi. Nimekula sana. Jana usiku sikufumba jicho. Sasa saa tatu, nalala.