Namba Niliyoshindwa Kumtajia Baba Mkwe

Jumamosi, Nyasho. Tangu asubuhi upepo wa ziwa unatikisa mabati, na roho yangu nayo haijatulia.

Kwanza tuelewane. Kutafsiri filamu kwenye kibanda cha video, kuanzia hapa mpaka Bunda, hakuna wa kunifikia. Nimetembea mimi. Kisumu nimelala, Kampala nimekula. Shule niliishia form two, lakini nikishika maiki hata Mzungu anaongea kama mtu wa Iringo, mtaa wa hapo jirani.

Leo maiki imeniaibisha.

Mama Bwire, mke wangu, yuko kwao Kiriba wiki ya tatu. Anasema sina kazi, nina kelele. Leo baba yake, mzee mvuvi, kaja kuiona hiyo kazi kwa macho yake, ndipo aamue kama binti atarudi. Nikamkalisha benchi la mbele, nikaweka filamu ya upelelezi: jambazi ana mtambo wa kukausha maziwa yote ya dunia. Nikaongeza, "hata ziwa letu hili." Mzee akavua kofia. Nikasema moyoni, mke karudi.

Mara mpelelezi akaingia chumbani na mke wa jambazi. Wanavuliana nguo. Na humo humo kitandani ndimo mwanamke anataja namba ya kuzima mtambo.

Kwetu mambo ya kitandani mbele ya mkwe ni mwiko. Ningetafsiri nini? Nikabonyeza rimoti, nikaruka yote, na namba nikairuka nayo.

Kibanda kikawaka. "DJ, umemeza nini hapo?" "Rudisha, bwana." Fundi baiskeli, anakujaga kila siku, akasema leo nimelewa. Sijanywa hata soda.

Mpelelezi akaandika namba kwenye mtambo, maziwa yakapona, watu wakanizomea mimi.

Nje mzee akaniuliza taratibu, "Mwanangu, ile namba aliipata wapi?"

Mimi, mwenye mdomo wa nchi tatu, nikajibu, "Alibahatisha, baba."

Akavaa kofia. "Kumbe na kazi yako ni ya kubahatisha." Akaenda zake.

Nimeudhika mpaka ugali kwa sato umenishinda. Ningekosa adabu, ningesifiwa.

Nimempigia mama Bwire. Nimemweleza namba ilikotoka, amwambie mama yake, mama yake ndiye amwambie mzee. Akacheka mpaka simu ikakatika.

Wiki tatu sijakisikia kicheko hicho. Sasa huko ni kurudi, au kanicheka tu?