Ujumbe Usiomwita Mtu

Jumanne, 8 Aprili
Mvua tena. Ofisini peke yangu, mwenzangu Neema kaenda Mbeya. Nimewatumia wakulima wa kakao ujumbe wa kuwaambia gari la kukusanya litasimama wapi kesho. Maji yamefunika barabara ya Ikolo, vituo vimebadilika.
Skripti, ile programu fupi inayotuma ujumbe, iligoma kwanza. Niliweka neno "hatari" kwenye alama za kunukuu, zikagongana na zile zinazofunga ujumbe wote. Nikafunga ujumbe kwa alama mojamoja badala ya mbilimbili. Ikakubali. Nikaenda kula.

Jumatano, 9 Aprili
Nimeharibu. Simu tangu asubuhi. Watu wamepata hivi: Ndugu $jina, usivuke mto, ni "hatari". Peleka kakao $kituo.
Ndani ya alama mojamoja kompyuta hunakili herufi kama zilivyo. Mbilimbili ndizo zinazoweka jina la mtu na kituo chake. Nalijua hilo. Sikujaribu kwanza kwenye simu yangu. Mjinga.
Nimerekebisha, nimetuma upya. Bibi Atupele wa Ikolo hapatikani. Jirani yake anasema alfajiri alijitwika ndoo ya kakao, akavuka kwenda kituo cha zamani. Mto umejaa. Hajarudi.

Alhamisi, 10 Aprili
Hapatikani. Sina wa kumwambia.

Ijumaa, 11 Aprili
Yu hai! Maji yalimfungia ng'ambo, akalala kwa watu, leo karudi. Simu imelowa, kakao imekwenda na mto.
Nilipanda bodaboda, kisha nikatembea kwenye matope hadi kwake. Nikamwamkia, nikamwomba radhi. Nikamuuliza kama hakuusoma ujumbe.
"Niliusoma, mwanangu. Nikadhani ni wa mtu mwingine. Ujumbe wenu huwa unaniita Atupele. Ule wa alama ya dola haukuniita."
Akaongeza: "Tangu mzee wangu afariki, kwenye simu hii hakuna aniitaye jina ila nyinyi."
Akaniambia nije Jumapili, nile.

Jumapili, 13 Aprili
Sikukuu ya Matawi. Baada ya ibada nimekwenda Ikolo. Mto umeshuka. Aliniuliza jina, nikamwambia Elia.
Baadaye akaniita kutoka jikoni nikamsaidie kupakua wali. "Elia!" Kwa sauti. Kyela hii kila mtu ananiita mtu wa kompyuta.
Nikaitika, nikaenda.