Vipande vya Rafu ya Juu

Dada yangu,

Sisi hatujambo, Baba bado anagombana na redio yake. Sabuni ya tui la nazi siku hizi natengeneza mimi. Ya kwanza ilitoka ya kahawia kama gome la mti, maana sikugandisha tui kwenye friza na yale magadi makali ya kostiki yakaliunguza. Mama angenicheka wiki nzima.

Baada ya ule ugomvi wenu hakukutaja tena. Lakini kila alipokata sabuni, alibonyeza kidole gumba, kile chenye kovu, kwenye kipande kimoja kikiwa bado laini, akakiweka rafu ya juu. Tulijua ni chako. Hakuna aliyethubutu kukinawia.

Sasa sikia. Tangu tumzike, nakata sabuni jioni, nafunga stoo, na asubuhi nakuta kipande kimoja kiko juu, kimebonyezwa, kovu linaonekana. Baba anasema ni panya. Panya gani ana kidole gumba? Nimeshazoea, hata namwamkia nikiingia.

Ila leo nimeshindwa kushika kisu. Juu kulikuwa na vipande viwili. Kimoja ni kile cha siku zote. Cha pili amekikata kidogo, cha kutosha kiganja cha mtoto, na kingo amezilainisha zisimkwaruze.

Dada, sikuulizi kwa nini hukuja mazikoni. Niambie tu, ni wa kike au wa kiume? Bibi yake anamjua, sisi bado.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba