Disketi ya Tatu

Da Mwanaidi,

Arobaini yako imepita, na mie ndiyo kwanza napata uso wa kukuandikia.

Unazikumbuka zile programu zako za bure za kutengenezea programu nyingine, ulizonakili chuoni kwenye disketi tatu? Ya kwanza kompaila, ya pili asembla, ya tatu linka. Kila siku pale ofisini kwetu Kinondoni ulikuwa ukinirudia: "Kompaila anakata kitambaa tu, mdogo wangu. Asembla anashona vipande, linka anaviunga viwe gauni. Ukimkosa mmoja, utatoka uchi." Mie nacheka. Linaingia sikio hili, linatokea lile.

Basi wiki mbili baada ya kukuzika, binamu yangu akataka nimchapie kadi za harusi. Sikuwa na disketi tupu, nikafuta ya tatu. Nikajiambia kompaila ipo, inatosha. Mjinga mie!

Siku ya hitima yako, yule nesi wa zahanati ya Temeke akaniuliza, mbele ya mama yako, mbona programu ya kuandikishia watoto uliyowatengenezea haijaongezwa ile chanjo mpya. Watoto wanaandikwa tena kwa mkono, na kina mama wanasubiri juani. Nilikuwa nimeshajaribu, dada. Kazi yako yote, pamoja na ile chanjo uliyokwisha kuiandika, ilipita kwa kompaila na asembla, vipande vikatoka vizuri, wa kuviunga ndiyo hakuna. Nilijua kwa nini. Nikasema, "Mwanaidi hakuimaliza."

Mama yako akaweka sinia chini. "Mnisamehee mwanangu," akasema, mbele ya watu wote wale. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini sikufungua mdomo, ila kwa kula pilau. Ndiyo, nilikula! Aibu gani hii?

Jana nimekwenda Tandale kwa mwalimu Komba, uliyemnakilia disketi zako zote. Nilikugombezaga kwa hilo: "Unagawa tu kama peremende!" Ukanijibu, "Na mie nilipewa." Mwalimu amenipa nakala bila hata kuniuliza. Juu yake kuna mwandiko wako: *Mpe na mwingine.* Programu imeungika mara moja, haina kosa hata moja.

Kesho, kabla ya zahanati, naanzia kwa mama yako. Nitamwambia ulimaliza, aliyefuta ni mie. Akinifukuza, sawa. Halafu nitakwenda naye kwa nesi, niyarudie hayo hayo mbele ya watu. Nakuahidi.

Pumzika, dada yangu. Ule msamaha mama aliokuombea haukuwa wako. Ulikuwa wangu.